Meno Mawili na Sikio Moja

Mahakama ya Kaunti ya Brandt
Idara ya Probesheni
Millard, Minnesota
5 Januari 1988

Kwa Bwana Ervin Pexa, kinyozi, Hradek

Mpendwa Bwana Pexa,

Mimi ndiye ofisa wa probesheni niliyekabidhiwa jalada la Lambert Trnka. Mwezi uliopita alikiri mbele ya Jaji Ostby kwamba tarehe 17 Oktoba, kwenye dansi ya mavuno katika ukumbi wa parokia, alikupiga ngumi na kukung'oa meno mawili ya mbele. Kwa sheria ya jimbo letu, jino likishang'oka, ngumi si ugomvi wa kawaida tena. Inakuwa shambulio la kudhuru mwili la daraja la tatu, yaani kosa kubwa, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Adhabu itasomwa tarehe 26 Februari. Kabla ya siku hiyo ni kazi yangu kumwandikia jaji taarifa na ushauri.

Kama unavyojua, Bwana Trnka amekatazwa kuonana nawe, kukupigia simu na kukuandikia. Ameomba aruhusiwe kukuomba radhi kwa barua. Jaji amekubali kwa sharti moja: barua zote, zake na zako, zipitie mezani kwangu, nami nizisome kabla hazijaenda. Si lazima ujibu. Pia una haki ya kuieleza mahakama, kwa maandishi au kwa mdomo, jinsi ulivyodhurika na adhabu unayoiona inafaa.

Barua yake naiambatanisha.

Wako,
Doris Engebretson


Hradek, 4 Januari 1988

Kwa Ervin Pexa,

Mimi, Lambert Joseph Trnka, najutia kitendo changu cha tarehe 17 Oktoba 1987 ambacho kilikusababishia madhara ya mwili. Kitendo hicho hakikuwa na sababu yoyote. Nawajibika kikamilifu. Natumaini utapona haraka.

Lambert J. Trnka


Hradek, 11 Januari 1988

Bi Engebretson, tafadhali mpe hii huyo bwana.

Lambert,

Barua yako nimeipata. Mpe hongera wakili wako, ana mwandiko mzuri wa maneno. "Kikamilifu"! Wewe mtu hujawahi kulitamka neno hilo tangu ubatizwe. Nimewasomea wateja saluni, wakacheka, ingawa sina hakika walicheka barua au walinicheka mimi. Tangu Oktoba kila S ikitoka kinywani inatoka na filimbi yake. Juzi nilimwambia Mzee Hruska, "Sasa sogea, nisawazishe sharubu," akainuka akajifuta uso kwa taulo.

Lakini kuna mstari mmoja haukunichekesha. "Hakikuwa na sababu yoyote." Lambert, miaka thelathini na moja tumepiga muziki pamoja, wewe kodiani, mimi tarumbeta. Nilikuwa msimamizi wa harusi yako. Jeneza la mkeo Adeline nililibeba mimi, mbele, upande wa kulia, na ulikuwa unaniona. Halafu katikati ya mapumziko, watu wanakunywa bia zao, nakusemesha kwa wema, unanyanyuka unanitwanga! Hata kuku akikudonoa ana sababu yake.

Mwendesha mashtaka amekuja kwangu mara mbili. Anataka uandikwe kosa kubwa na ukae jela ya kaunti miezi sita. Kaniuliza mimi nataka nini. Nimemwambia nitafikiri, na ndiyo nafikiri. Nipe sababu. Ikiwa mbaya, sawa, ila iwe yako, isiwe ya wakili.

Ervin

Meno ya bandia nimetengenezewa. Nikipuliza tarumbeta yanaruka. Jana yametua kwenye beseni la sabuni.


Hradek, 18 Januari 1988

Ervin,

Unajua ulichosema. Sitakiandika hapa, kwa sababu barua hii inasomwa na mwanamke mwenye heshima zake, na kwa sababu Adeline hayupo kujitetea.

Mahakamani nilisema sina sababu kwa kuwa sikutaka jina la mke wangu liingie kwenye jalada la polisi, likae katikati ya meno yako na chupa za bia. Wakili alinibembeleza mara tatu nimweleze. Nikamwambia mvua ilikuwa inanyesha.

Kosa la kukupiga ni langu, silikani. Nikiandikwa kosa kubwa, leseni ya basi la shule imekwenda na bunduki ya kuwindia imekwenda. Kwa sasa bado naendesha, maana wazazi waliandika barua kunitetea. Miaka ishirini na mbili kwenye basi lile, Ervin. Sina kingine cha kuamkia asubuhi. Basi tusidanganyane: nina mengi ya kupoteza, na bado sikusema. Wewe usinidai sababu huku unajifanya malaika. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwako. Nilikusikia.

Lambert


Hradek, 22 Januari 1988

Lambert,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na bado sielewi. Nilichosema? Nitakuandikia neno kwa neno, maana nimeyarudia maneno yale kila ninapopiga mswaki meno yaliyobaki.

Tulikuwa tumemaliza polka ya tatu. Butch alikuwa bado anakaza ngoma zake, anazigonga moja moja. Wewe umekaa, kodiani magotini. Mimi nimesimama kushoto kwako. Nikainama nikakwambia hivi: "Jana nililala na uchovu, nikamwota Adeline. Alikuwa jikoni kwenu anatucheka, mimi na wewe, tumevaa aproni tunakanda unga wa mikate ya kolache, na unga tumeumwaga mpaka paka kawa mweupe."

Nilitaka kuongeza kwamba niliamka nimefurahi. Na kwamba kwa muda mrefu nilikuwa naona aibu kumtaja mbele yako, kwa sababu kila akitajwa unaangalia dirishani. Sikuongeza. Mdomo ulikuwa umejaa damu.

Kumwota mke wa rafiki yako, marehemu, jikoni, na aproni, ni dhambi? Kama ni dhambi niambie, nimpelekee padri. Na kama si hilo lililokukasirisha, wewe ulisikia nini?

Ervin


Millard, 1 Februari 1988

Mpendwa Bwana Pexa,

Wiki hii sina barua ya kukutumia. Bwana Trnka alikuja Jumatano, nikampa yako, akaisomea papo hapo kwenye kiti cha mlangoni. Aliisoma mara tatu. Nikamuuliza kama yu salama, hakujibu. Nikamuuliza tena kwa sauti ya juu. Akasema, "Paka kawa mweupe," kisha akatoka bila kofia, na nje ilikuwa baridi ya kugandisha mafuta ya gari. Kofia ninayo.

Kwa miaka kumi na tisa nimeandika taarifa za watu waliopiga wenzao. Karibu wote huja na sababu nyingi kupita kiasi: walitukanwa, walisukumwa, jua lilikuwa kali. Huyu ndiye wa kwanza kwangu aliyekuja na sababu na akaikalia.

Nakukumbusha kwamba maelezo yako kwa jaji yanifikie kabla ya tarehe 19. Hulazimiki kusema lolote la kumfaa mshtakiwa. Hulazimiki pia kusema lolote la kumkandamiza.

Wako,
Doris Engebretson


Hradek, 8 Februari 1988

Ervin,

Kwanza, hujambo Bi Engebretson. Najua unasoma, na najua ukishasoma kazi yako itakulazimu kufanya nini. Fanya.

Ervin, mimi nilisikia hivi: "Nililala na." Kisha ngoma ya Butch. Kisha "Adeline." Kisha ngoma tena. Kisha "anacheka." Yaliyobaki kichwa changu kilijijazia chenyewe.

Ndivyo ninavyoishi. Mwaka wa tatu huu sikio la kushoto limekufa, na la kulia linasinzia. Nasikia vipande, najaza mapengo. Dukani mtu akisema kitu huku anatabasamu, nami natabasamu. Kanisani napiga magoti wenzangu wakipiga. Kwenye bendi naangalia goti la Butch. Mara nyingi najaza sawa. Siku ile pengo nililijaza uchafu, nikamtia mke wangu na rafiki yangu ndani yake, na nikaamini kwa muda ule ule wa kunyanyua mkono.

Sikumwambia mtu kwa sababu ya basi. Unayajua makutano ya reli na barabara pale kwa Vosika. Sheria inataka nisimame, nifungue mlango, nisikilize kama treni inakuja. Nilikuwa nasimama. Nilikuwa nafungua mlango. Halafu sisikii kitu, si treni wala upepo. Basi nikawa naangalia shomoro kwenye ukingo wa mtaro: wakiruka, nangoja. Watoto thelathini na wanane nyuma yangu, na mimi roho zao nimewapa shomoro.

Hapo juu nilipoandika hayo niliweka kalamu chini. Nimevaa koti nikaenda kwa mkuu wa shule, nikamwekea funguo mezani nikamweleza yote. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema tu, "Lambert, kaa kwanza unywe kahawa," nami nikalazimika kumuuliza amesema nini.

Basi sababu ndiyo hiyo. Ni mbaya kuliko ile ya wakili. Adeline angenipiga mwiko kichwani. Samahani kwa meno. Samahani zaidi kwa kukudhania vile, wewe, kati ya watu wote. Usimwombe jaji anihurumie.

Lambert


Hradek, 15 Februari 1988

Lambert,

Siku kadhaa sikukujibu. Kila nikianza nilijikuta naandika matusi kwa lugha ya babu zetu, na Bi Engebretson hasomi Kicheki, angepata taabu bure.

Meno nimesamehe. Yalikuwa na miaka zaidi ya hamsini, yalikuwa yanaaga. Kinachoniuma ni pengo ulivyolijaza. Bwana wee, maneno ya kutia pale yalikuwa tele! Nililala na njaa. Nililala na viatu. Nililala na mafua. Dunia nzima ya maneno, ukachagua lile! Nimekasirika mpaka Jumamosi nimemnyoa fundi bomba upara ambao hakuuomba.

Lakini nami nina langu, na ni haki ulisikie. Nilijua. Tangu harusi ya binti wa Sticha nilijua husikii, ulipoanza valsi sisi wengine tuko kwenye polka, bibi harusi akabaki mguu mmoja hewani kama korongo. Nikajiambia, Ervin, usimwaibishe mwenzako. Nikahamia kushoto kwako, nipulize karibu na sikio lako upate kushika. Kushoto! Miaka miwili nimepigia tarumbeta sikio lililokufa, na jioni narudi nyumbani najisifu kwamba namsaidia rafiki. Na kila asubuhi basi lako lilipita mbele ya saluni yangu, wajukuu wangu wawili wamo ndani, nami nikakupungia mkono. Kwa hiyo usijifunike hilo koti la aibu peke yako. Linatosha watu wawili.

Unaniambia nisimwombe jaji akuhurumie. Tangu lini ukanipangia cha kusema? Nitasimama mwenyewe, na nitasema ninachotaka.

Kesho ni dansi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Wameniita, nimekataa. Bendi bila kodiani ni kabichi bila chumvi.

Ervin


Jela ya Kaunti ya Brandt
Millard, 9 Machi 1988

Ervin,

Sasa jaji ameondoa marufuku na naruhusiwa kukuandikia moja kwa moja. La kwanza ninalokuomba: niandikie ulichosema mahakamani. Sikusikia hata sentensi moja. Ulisimama umenipa mgongo, unamwelekea jaji. Niliona mabega yako yanapanda na kushuka. Nilimwona mwendesha mashtaka anaangalia dari. Bi Engebretson alivua miwani mara mbili akaifuta. Butch aliziba mdomo kwa kofia, mabega yanamtikisika. Nikajiambia, Ervin ama anaomba ninyongwe, ama anasimulia kile kisa chake cha bata.

Halafu jaji akasema maneno marefu huku ananitazama. Wakili akanigusa kiwiko, nikasimama. Jaji akasema kitu. Nikasema, "Samahani, Mheshimiwa, sijasikia." Akarudia. Nikasema, "Bado, Mheshimiwa." Basi ulimwona mwenyewe Mzee Ostby alivyoinuka, akakusanya joho lake kama mama anayevuka mto, akashuka ngazi zile mpaka upande wangu wa kulia, akapaza sauti kama anaita ng'ombe:

"Adhabu ya kosa kubwa naisimamisha! Miaka mitatu chini ya uangalizi! Ukienda vizuri, utabaki na rekodi ya kosa dogo! Ukiharibu, tutaonana hapa hapa! Jela siku thelathini! Meno utalipa wewe! Bunduki utaiacha mpaka uangalizi uishe! Basi lenye abiria huendeshi tena! Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia.

Akasema, "Vizuri. Na walio benki ng'ambo ya barabara nao wamesikia."

Jela si mbaya. Kuna joto. Mpishi alipojua mimi ni wa Hradek alijitahidi akanipikia madonge ya unga kama ya kwetu, na zaidi ya hapo sitasema, maana nia yake ilikuwa njema. Chumbani niko na Mnorwe mmoja aliyeendesha trekta amelewa mpaka akaingia nalo kwenye bustani ya kasisi. Tangu Jumatatu nilipoingia hajasema neno, kwa hiyo tunaelewana sana.

Siku thelathini, ukiwa na adabu, zinakuwa ishirini. Nitatoka Jumamosi tarehe 26. Mkuu wa shule kaniandikia kwamba karakana ina kazi: mimi nitengeneze mabasi, mwenye masikio ayaendeshe. Nimeisoma barua ile mara nyingi.

Lambert


Hradek, 13 Machi 1988

Lambert,

Nilikuwa nimeyaandika nyuma ya kalenda ya saluni, kwa hiyo nakunakilia. Nilisema hivi:

"Mheshimiwa, mimi ni kinyozi, si msemaji. Nimeulizwa nilidhurikaje. Nimepoteza meno mawili, na kwa miezi minne sijapiga tarumbeta. Hilo ni kweli, nalo lisifutwe kwa sababu tu aliyenipiga ni rafiki yangu. Mtu akimpiga mwenzake lazima apate cha kumkumbusha. Kwa hiyo aende jela, lakini si miezi sita. Akae muda wa kunitosha mimi nimalize hasira kabla sijakutana naye dukani. Nimejipima, naona ni kama mwezi.

"Ila nisingependa aitwe mhalifu mkubwa maisha yake yote. Angenyamaza, angebaki na basi lake. Hakuna aliyekuwa anamshuku isipokuwa mimi, na mimi nilinyamaza. Alijua barua yake itasomwa na ofisa wa mahakama hii, na aliandika. Leo watoto thelathini na wanane wanaendeshwa na mtu anayesikia. Hilo halikuletwa na polisi, wala na huyu bwana mwendesha mashtaka, samahani bwana. Limeletwa na mshtakiwa. Naomba liwekwe kwenye mizani pamoja na meno yangu, na mizani isimame sawasawa."

Kwenye "sawasawa" meno yakachomoka. Ndicho alichocheka yule mpumbavu Butch. Niliyadaka hewani kwa mkono wa kushoto, safi kabisa, na karani akamuuliza jaji kama hilo nalo liingie kwenye kumbukumbu.

Nilitaka mwezi, kakupa mwezi. Tena kakufunga Kwaresima, wakati hakuna dansi hata moja! Hata jela umeingia kwa akili ya mkulima.

Hasira bado ipo kidogo. Nadhani itaisha Alhamisi, tarehe 24.

Ervin


Jela ya Kaunti ya Brandt
Millard, 20 Machi 1988

Ervin,

Maneno yako nimeyasoma, nikayakunja nikayaweka kwenye soksi, maana hapa hatuna mifuko ya shati.  

Nina habari. Jumatano Bi Engebretson alinipeleka kwa daktari wa masikio, askari mmoja nyuma yetu anakula karanga. La kushoto limekwenda, halirudi. La kulia limewekewa kifaa, kidogo kama punje ya harage. Daktari alipokiwasha nikaruka kitini. Nikauliza kelele hiyo ni ya nini. Akasema, "Ni karatasi ninayoifungua." Ervin, karatasi! Nilipotoka nje theluji ilikuwa inayeyuka juu ya paa, matone yanaanguka kwenye debe, nikasimama pale mpaka askari akamaliza karanga. Hakuna aliyenihimiza. Bi Engebretson alijifanya anatafuta funguo kwenye mkoba.

Niliporudi chumbani nikagundua jambo. Yule Mnorwe anaongea. Ameongea tangu siku ya kwanza. Ana sauti ndogo tu. Kumbe kanisimulia maisha yake yote, mara mbili, na mimi nilikuwa natikisa kichwa. Anasema nilikubali kununua trekta lake.

Sasa sikiliza, hili silisemi kwa mzaha. Naogopa mambo mawili. La kwanza ni kodiani. Sijui nitasikia nini nikiifungua. Labda miaka mitatu nimewaharibia watu harusi zao na hakuna aliyeniambia. La pili ni wewe. Kwenye karatasi nimekuwa jasiri, nikikosea nafuta. Uso kwa uso sijui nianzie wapi, wala nitazame wapi, maana nikikutazama nitaona meno. Nilikuwa nafikiri, hata nikitoka, tuendelee kwanza kuandikiana. Mwezi mmoja hivi. Mimi sina haraka.

Lambert


Hradek, 23 Machi 1988

Lambert,

Hapana.

Barua sasa basi. Nimeandika mengi mwaka huu kuliko yote niliyoandika tangu nitoke jeshini, na kidole kimeota sugu mahali ambapo kinyozi hatakiwi kuwa na sugu. Uliyonitendea umeyaandika, niliyonyamazia nimeyaandika, na mwanamke wa watu ameyasoma yote kwa uvumilivu. Yaliyobaki hayafai karatasi.

Harusi hukuharibu. Ulikuwa unachelewa kidogo tu, na watu wa Hradek wakishakunywa nao huchelewa, mkawa sawa. Ila nisikudanganye: ile valsi ya binti wa Sticha ilikuwa balaa.

Alhamisi ni kesho. Hasira imewahi, imekwisha leo mchana nikiwa nafagia nywele, sijui hata kwa nini.

Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa nje ya mlango wa jela, gari linaunguruma. Usitoke na karatasi mkononi. Na usiende kukaa kiti cha abiria. Nimelipigia hesabu jambo hili kichwani kutwa nzima: usukani uko kushoto, kwa hiyo nikiendesha mimi, sikio lako bovu litakuwa upande wangu, na tutaanza upya ujinga ule ule. Kwa hiyo usukani utaushika wewe. Nami nitakaa kulia kwako, karibu na harage lako, niongee.

Ni maili kumi na nane mpaka Hradek. Tukifika hatujamaliza, usisimamishe gari. Endelea moja kwa moja.

Ervin